Pembe ya Veli

Mama mdogo alipofariki, mwaka juzi, wanawake wa kanisani kwake walinituma mimi nikalete sanduku lililokuwa juu ya kabati. "Wewe ndiye unayejua vitu vyake," walisema, na ilikuwa kweli, ndiyo maana nilichelewa kuinuka. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe na veli yake, ile neti nyeupe ya kufunika kichwa cha bibi harusi, ambayo hakuwahi kuivaa hata siku moja. Nililishusha sanduku, nikalifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, nikakaa nalo kitandani pake bila kulifungua. Uani walikuwa wanaosha masufuria ya msiba, na mtu fulani alikuwa akiuliza chumvi imewekwa wapi. Nilijua ndani ya sanduku mna nini, nilijua pembe moja ya hicho kitu haipo, na nilijua nani aliikata. Si siri hiyo, msidhani nawaficha kitu halafu nitakifichua mwisho. Nyumba nzima ilijua tangu siku ileile. Kilichonitafuna miaka yote ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenilaumu.

Nilikuwa binti tu, sijavunja ungo siku nyingi, nilipotoka kijijini Ikinga kuja Tunduma kumsaidia mama mdogo kumwuguza mumewe. Wakati ule hakuna Mkoa wa Songwe, sote tulikuwa watu wa Mbeya, na simu ya mkononi mtu aliitembeza mkononi ili aonekane. Baba mdogo alikuwa wakala wa forodha pale mpakani hadi siku alipoanguka akinyoa ndevu, akapooza upande wote wa kulia. Sebule yao naiona hata sasa nikifumba macho: makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kalenda ya kanisa, redio iliyofunikwa kama mtoto aliyelala, na kwenye ukuta ambao watu wengine huweka kabati la vyombo, tangi la kioo refu kama jeneza la mtu mzima, limejaa maji ya bahari. Ndiyo, bahari, Tunduma! Mzungu mmoja wa migodini alikuwa anahamisha vyombo vyake kutoka Zambia kwenda pwani, lori likamharibikia hapo mpakani, akamwachia baba mdogo tangi, mawe yake, pampu na hita, akasema atarudi kulichukua. Hakurudi. Lakini kabla hajaondoka alikaa siku kadhaa akimfundisha baba mdogo namna ya kulilea, na sijui aliona nini usoni mwa yule mzee, maana alimfundisha vizuri.

Maji yaliletwa na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam, kwenye madumu. Walimpenda baba mdogo kwa sababu alipokuwa na nguvu zake hakuwaacha walale mpakani kwa ajili ya karatasi. Lori linasimama barabarani, tingo anashuka na dumu begani: "Hodi! Bahari ya mzee hii hapa!" Majirani walisema tunafuga jini. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akija kuomba moto, basi anasimama mlangoni, haingii, anachungulia tu huku ameshika kifua. Mama mdogo alikuwa anacheka mbele yake, akishaondoka ananigeukia: "Wanasema jini. Kama lingekuwa jini si lingenisaidia hata kufua?" Hakulipenda lile tangi. Hakulichukia pia. Aliliona kama mtu anavyomwona mgeni wa mumewe aliyekaa muda mrefu kuliko alivyosema.

Yeye alikuwa na jambo lake moja. Walikuwa wameishi pamoja na baba mdogo tangu ujana, mahari ilitolewa, wakwe walikula na kunywa, lakini ndoa haikubarikiwa kanisani. Kwa hiyo Jumapili ya Meza ya Bwana, wenzake wote wa kwaya walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki benchi la nyuma na wasichana wasiobatizwa na watoto wanaonyonya. Nilikaa naye pale. Alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo akisoma ukurasa uleule mpaka watu warudi. Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana, na baba mdogo kila mwaka alisema "tutabariki, haraka ya nini?" Alipopooza ndipo alipolitamka mwenyewe, kwa ulimi mzito, siku mchungaji alipokuja kumwombea: "Nataka… kubariki." Mama mdogo aliingia jikoni akalia ndani ya beseni la viazi. Ikapangwa Pasaka.

Veli ililetwa na mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, mama wa makamo tuliyemwita Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga kwa Kibemba, aliyekuwa akivuka mpaka kila siku na mzigo kichwani. Aliitandaza juu ya kochi, akapiga makofi: "Chisuma, bamayo! Nzuri, mama! Utang'aa, mukwai." Siku hiyohiyo alimletea baba mdogo kigurudumu cha uzi wa nailoni wa kijani, ule wa kushonea magunia, ambao alikuwa ameuagiza kwa kazi ya tangini. Vitu viwili kutoka kapu moja. Mama mdogo alijitupia veli kichwani juu ya kilemba chake, akajitazama kwenye kioo cha tangi kwa sababu cha chumbani kilikuwa kidogo, na baba mdogo akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki nzima. Kisha mama mdogo akaikunja, akaiweka sandukuni, akanionyesha mahali anapoliweka sanduku. Alinionyesha mimi. Alisema, "Luse, nikisahau, wewe usisahau."

Kazi ya tangini ilikuwa hii. Dereva mmoja alileta ndoo yenye mfuniko, na ndani yake matumbawe laini matatu yaliyonaswa kwenye nyavu za wavuvi. Msidhani ni yale matumbawe magumu yanayojengewa nyumba huko pwani. Haya ni nyama tupu, yametepeta, rangi ya kahawia na manjano, yana mikunjo kama sikio la mzee, na yakipata raha yanatoa vidole vidogovidogo vingi vinavyocheza na maji. Tatizo ni kwamba tumbawe laini lisiposhika jiwe haliishi. Linabingirika na maji, linavutwa kwenye pampu, linachanika, linaoza na kuwachafulia wengine maji. Na lenyewe haliwezi kushika leo kwa leo. Linahitaji kushikiliwa pale juu ya jiwe, kwa upole, mpaka liote. Baba mdogo alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu na mto mgongoni, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na mimi nilikuwa mkono wake.

Tulijaribu kila kitu. Supagluu kwanza: nilikausha jiwe, nikafuta sehemu ya chini ya tumbawe kwa kitambaa, nikapaka, nikabana. Kabla uji haujapoa lilikuwa limeshatoa ute wake na kuelea juu, na gundi imebaki peke yake kwenye jiwe. Rababendi ilishika, lakini asubuhi tulikuta imekata nyama kabisa. Nilichoma njiti ya kuchokolea meno katikati, pakaoza. "Pole… pole," alikuwa akisema baba mdogo, na sikujua kama ananiambia mimi au tumbawe. Ndipo nikatoa wazo langu la akili nyingi. Nikasema, kinachotakiwa ni neti, tulifunike kama mtoto, maji yapite, lenyewe lisitoke. Akanitazama kwa furaha. Nikaenda nikakata kipande cha chandarua changu. Mh! Chandarua chenyewe tulikuwa tumekichovya dawa ya mbu zahanati, kila nyumba ilichovya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba dawa inayoua mbu haichagui. Jioni kamba wawili wekundu wa baba mdogo, waliokuwa wakitembea mle tangini, walikuwa chali mchangani, na tumbawe moja limeanza kuyeyuka. Tulimwaga maji, tukaweka mapya ya madumuni, nikalia huku nachota. Likabaki tumbawe moja tu zima, na dereva alishasema asitegemee mengine, maana wavuvi wamekatazwa.

Jumamosi ile mama mdogo alikuwa mazoezi ya kwaya. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka inabidi mtu apaze sauti. Lile tumbawe la mwisho lilikuwa limejibana pembeni mwa pampu, limesinyaa, na baba mdogo alikuwa amelitazama tangu chai. Akasema, "Neti… isiyo na dawa." Nikasema haipo, labda nimngoje Bana Mulenga. Akasema halitafika kesho. Kisha akageuza macho, taratibu, kuelekea chumbani, juu kule. Nilielewa hapohapo. Nikasema, "Baba, hapana. Ile ni ya mama." Akasema, "Pembeni tu. Inakunjwa… haionekani." Nikasema hapana tena. Ndipo akaanza kulia. Mtu aliyepooza hulia kwa urahisi, daktari alituambia, machozi yanakuja yenyewe, tusiyatilie maanani. Mimi niliyatilia maanani. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha sanduku, nikakata pembe ya veli, kipande cha ukubwa wa leso.

Na sasa niseme jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko kukata: nilifurahi. Mikono yangu ilikuwa imeiva katika kazi ile na sikuwa nimewahi kufanya kitu vizuri namna hiyo. Nilichagua jiwe lenye kibonde, nikalisugua kwa brashi ya meno. Nililaza tumbawe mle ndani kwa kiganja chote bila kulibana kwa vidole. Nilivuta kipande cha veli juu yake, kikagusa tu, kisikandamize, nikakipitisha chini ya jiwe na kukifunga kwa uzi wa kijani, mafundo yote kwa chini. Nikalishusha jiwe kwenye kona yenye maji matulivu, mbali na pampu. Baba mdogo alisema, "Mkono… wangu huo." Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa bado nimesimama pale, mikono inachuruzika maji chumvi, nacheka, mama mdogo alipoingia na mwavuli wake na kitabu cha nyimbo, akatazama tangini kwa sababu taa ilikuwa inawaka, akaona neti ya veli yake imetandazwa juu ya jiwe.

Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Hiyo ni nini?" akiwa ameshajua, kisha akaenda chumbani. Baadaye nilimsukuma baba mdogo kwenye kiti chake mpaka mlango wa chumbani, nikarudi jikoni, nikawasikia kupitia ukuta huku nachambua maharage. "Miaka yote nimekaa nyuma," mama mdogo alisema. "Sijakuomba gauni. Sijakuomba pete. Nimekuomba kitu kimoja, na hicho nacho umewapa samaki." Baba mdogo akajibu kwa shida: "Kitarudi. Likishika… tunakitoa. Unashona." Kisha sauti ya mama mdogo tena, chini zaidi: "Basi mpaka kirudi. Siendi madhabahuni na veli iliyoliwa. Nimeonekana nusu vya kutosha." Alimpelekea mchungaji neno kwamba Pasaka haitawezekana. Wala hakumweleza kwa nini. Watu wa kwaya wakadhani ni mgonjwa aliyekataa.

Pasaka ikapita. Tulikula wali na kuku, tukapokezana chumvi. Mimi nilijifanya mtu wa kazi nyingi. Nikimwona mama mdogo anakuja sebuleni, nashika ndoo natoka. Akiniita, naitikia "abee mama" nikiwa mbali. Nilijua ninachokingoja: tumbawe lishike, nifungue mafundo, nitoe kipande, nikifue, nimpe mkononi, na hapo ndipo nitaweza kumtazama usoni. Nilikuwa naomba Mungu kwa ajili ya ile nyama ya majini kuliko nilivyomwombea baba mdogo, na hilo nalo nalijua. Nalo lilikuwa linapona! Likajaa, likapata rangi, siku moja tukiwa tunakunywa uji wa ulezi likatoa vidole vyake vyote kupitia matundu ya veli, vikacheza. Baba mdogo akaniita kwa kugonga kikombe, tukatazama wote wawili kama wajinga. Mama mdogo alikuwa anapanga nguo kwenye kochi. Naye akatazama, kidogo, akaendelea kupanga.

Wiki kadhaa baadaye baba mdogo akasema sasa. Nilitoa jiwe, nikaliweka kwenye beseni lenye maji yake, nikakata uzi, nikashika ncha ya veli na kuvuta polepole. Haikuja. Nyama ilikuwa imepanda juu ya neti na kuimeza, neti iko ndani yake, imeshikwa pamoja na jiwe. Ukivuta, unachana. Nilimtazama baba mdogo, naye akanitazama. Mama mdogo akatoka jikoni, ameshajua, akachukua mkasi mkononi mwangu, akakunja mikono ya blauzi, akapiga magoti kando ya beseni. Nikasema moyoni, kata mama, kata, ni haki yako. Aliingiza mkono majini. Aligusa pale veli ilipozama kwa kidole kimoja, na tumbawe likajikunja lote, likafunga. Akakaa hivyo, kidole chake pale, muda mrefu, mpaka likaanza kufunguka tena. Kisha akatoa mkono, akafuta kwenye kitenge. "Limeshika," alisema. "Rudisheni kabla halijapata baridi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema kitu. Nilipaswa kumwuliza, mama, sasa inakuwaje, tuagize veli nyingine, nikamwambie mchungaji? Sikusema. Baba mdogo naye hakusema. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na sote wawili tulimwogopa mwanamke aliyekuwa anatupikia. Nakumbuka jambo moja tu la siku zile: tumbawe lilikuwa limetoa kichipukizi pembeni, baba mdogo akataka nikifunge kwenye jiwe lake, nikaenda kwenye boksi la vifaa nikakuta uzi wa kijani umekwisha, kigurudumu kitupu. Alinigombeza. "Umemaliza… wote?" Nikaapa sijaugusa. Akasema labda panya. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu, akiwa kwenye kiti chake mbele ya tangi, kichwa kiliinama na hakikuinuka tena.

Sebule ilitolewa makochi yote, ikatandikwa mikeka, wanawake wakajaa. Tangi halikuweza kutolewa. Mzee mmoja wa ukoo akasema huo mwanga na hizo kelele za pampu si adabu kwenye msiba, zimeni. Mama mdogo alikuwa amekaa chini ukutani, khanga imefunika kichwa. Akasema, "Acheni iwake." Mzee akarudi kwenye mkeka wake. Mchungaji alikuja akatuombea vizuri, lakini jeneza halikupitishwa kanisani, maana wawili hao hawakuwa wamebariki. Lilitoka sebuleni moja kwa moja hadi kaburini. Mama mdogo alitembea nyuma yake, nami nilimshika kiwiko, na nilikuwa najua kabisa ni pembe ngapi za veli zilizomzuia kuingia na mumewe mlango ule wa kanisa.

Tangi liliishi mpaka umeme ulipokatika kwa siku nyingi mfululizo. Tumbawe liliyeyuka, maana lile halina mfupa wa kuacha, na jiwe likabaki na kipande cha veli juu yake, kikavu, kimelegea. Ningeweza kukitoa kwa vidole viwili. Hakuna aliyekihitaji tena. Mama mdogo aliliweka jiwe dirishani jikoni, akalitumia kuzuia dirisha lisipigwe na upepo, na kila nilipokuja kumtembelea miaka iliyofuata, na watoto wangu, nililikuta pale. Aliendelea kukaa benchi la nyuma bado muda fulani, kisha kanisa likampokea kama mjane, akapanda mbele na wenzake. Kila mara alikuwa anawaambia watoto wangu, "Mama yenu aliniuguzia mume. Mikono yake mizuri sana." Nikawa naangalia pembeni. Ningefurahi angenitukana hata mara moja.

Basi nikafungua sanduku. Veli ilikuwa juu kabisa, imekunjwa na dawa ya nondo, imegeuka rangi ya maziwa. Niliifungua magotini kutafuta pembe niliyoikata, nikitegemea kukuta mkato wangu, ule ule wa haraka, wenye meno ya mkasi. Sikuukuta. Pembe ilikuwa imeviringwa na kupindwa kwa mkono, mishono midogomidogo, ya mtu aliyekaa karibu na dirisha na kushona kwa utulivu, mpaka huwezi kudhani kwamba palikuwa na pembe pale. Uzi ulikuwa wa kijani. Nailoni, ya kushonea magunia.

Nilikaa nikiushika. Ule uzi ulikwisha Alhamisi, baba mdogo alikufa Jumatatu. Mama mdogo alikuwa ameshashona. Alikuwa ameshaitengeneza ya kwenda nayo madhabahuni hivyohivyo, pungufu, na akairudisha juu ya kabati, na akangoja mmoja wetu amwulize. Sisi tulikuwa sebuleni tunatafuta panya. Nililia mpaka nikasikia aibu, mwanamke mzima mwenye mvi, kelele zangu zikatoka hadi uani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mzee wa kwaya, mikono bado ina povu. "Luse, mwanangu, umeipata? Wanasema ilikuwa imekatwa, tutafute namna ya kuificha."

"Hakuna cha kuficha, mama," nikasema. "Iko tayari. Ilikuwa tayari siku zote."